Kipimo cha kupuliza pumzi kwa ajili ya H. pylori: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza wakifika dirishani maabara, wengine wanauliza kwenye WhatsApp usiku wa manane tumbo likiwaka, nimeyaweka sehemu moja maana yanajirudia na kuna mambo ukiyajua kabla hujaja yanakuokolea hela. Kama huna muda wa kusoma yote basi soma kuhusu maandalizi. Mashine yenyewe inakosea mara chache sana, kinachoharibu majibu mara nyingi ni dawa ambazo mtu amemeza wiki zilizopita na hakuzitaja.

Hivi kipimo chenyewe kinafanywaje?

Unapuliza pumzi kwenye mfuko mdogo, unakunywa maji yaliyokorogwa na unga wa yurea (sehemu nyingine wanatoa kidonge), unakaa unasubiri dakika 15 hadi 30 kutegemea na kiti (seti ya vifaa vya kipimo) inayotumika, halafu unapuliza tena kwenye mfuko wa pili. Basi. Hamna sindano, hamna mpira wa kupitishwa kooni. Mifuko yote miwili inachomekwa kwenye mashine ya infraredi na ndani ya dakika chache inatoa namba inayosema kama tumboni kuna bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, huyu ambaye wengi mnamuita H. pailori au wadudu wa tumbo.

Sasa pumzi inatoka kwenye mapafu, itajuaje kilichopo tumboni?

Swali zuri na jibu lake ndo linafanya nikipende hiki kipimo. Tumbo lina asidi kali, bakteria wengi wakifika pale wanakufa, ila huyu ana kimeng'enya kinaitwa yurease, anakitengeneza kwa wingi kweli kweli, na kazi yake ni kuivunja yurea kuwa amonia na hewa ya kaboni dioksaidi. Amonia inapunguza makali ya asidi pale alipo, hivyo anaishi. Seli za mwili wa binadamu hazina yurease.

Kwa hiyo tunakupa yurea ambayo kaboni yake imewekwa alama, ni kaboni 13 badala ya kaboni 12 ya kawaida. Kama mdudu yupo ataivunja, kaboni dioksaidi yenye alama itapenya ukuta wa tumbo iingie kwenye damu, damu itaipeleka kwenye mapafu na utaitoa kwa pumzi. Kama hayupo yurea itafyonzwa ikiwa nzima na utaikojoa, pumzi ya pili itafanana na ya kwanza. Kwa hiyo kinachopimwa ni kazi anayofanya mdudu akiwa hai saa hiyo hiyo, na hii ni tofauti kubwa na kipimo cha damu, nitakuja huko.

Na hiyo infraredi inaonaje alama?

Molekuli ya kaboni dioksaidi inatikisika muda wote, na inameza mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi unaoendana na mtikisiko wake. Kaboni 13 ni nzito kidogo kuliko kaboni 12 kwa hiyo inatikisika taratibu kidogo, na mwanga inaoumeza unahama: ya kawaida inameza zaidi kwenye maikromita 4.26 hivi, yenye kaboni 13 kwenye 4.38 hivi. Ndani ya mashine kuna taa ya infraredi, chumba cha kupitishia pumzi yako na vihisio vinavyosoma kila aina peke yake, halafu kompyuta inapiga hesabu ya uwiano.

Zamani kazi hii ilifanywa na mashine ya kupima uzito wa atomi, kubwa, ghali, inataka utupu wa hewa ndani yake na mtaalamu wa kuisimamia, na sampuli zilikuwa zinasafirishwa kwenda maabara chache zenye mashine hiyo. Ya infraredi inakaa mezani. Kliniki ya kawaida yenye umeme wa uhakika inaweza kuwa nayo, na kwa nchi zetu hilo ni jambo kubwa sana.

Kwa nini nipulize mara mbili, si mngepima ile ya pili tu?

Hapana, na sababu iko kwenye sahani yako. Kaboni 13 ipo duniani kwa asili, katika kila atomi 1,000 za kaboni kama 11 ni hizo, lakini mimea haiibebi sawasawa. Mahindi, mtama, ulezi, uwele na miwa yana kaboni 13 nyingi zaidi kuliko mchele, ngano, muhogo, viazi, ndizi na maharage, maana hayo makundi mawili yananasa hewa kwa njia tofauti wakati wa kujitengenezea chakula. Tofauti kati yake ni kama 14 kwa elfu. Mstari wa kuamua kama mtu ana bakteria uko chini ya hapo, kiti nyingine zinatumia 2.4, nyingine 2.5, nyingine 4 kwa elfu.

Ona sasa, mtu wa Dodoma anayekula ugali mchana na usiku na chai ya sukari ya miwa, na mtu wa Bukoba anayekula ndizi, pumzi zao zinaanzia sehemu tofauti kabisa hata kama wote hawana mdudu. Tungepima pumzi ya pili peke yake tungempa mla ugali majibu ya uongo. Ndo maana tunachukua ya kwanza kama mwanzo wako wewe mwenyewe halafu tunaangalia umepanda kiasi gani kutoka hapo. Na ndo maana tunakukataza kula chochote katikati, hata pipi, hata soda ya kuonja.

Kaboni 13 ni mionzi? Nina mimba, nina mtoto.

Kaboni 13 haitoi mionzi kabisa, ni imara. Ipo mwilini mwako sasa hivi, mtu mzima wa kawaida ana zaidi ya gramu 100 za kaboni 13 mwilini, na dozi yetu ya yurea ya miligramu 75 inakuongezea kama miligramu 16 tu.

Mnachanganya na kaboni 14, hiyo ndo ya mionzi. Kuna kipimo cha pumzi kinachoitumia, mionzi yake ni kidogo mno lakini wajawazito na watoto hawapewi. Namna rahisi ya kujua: mashine ikiwa ya infraredi basi kinachotumika ni kaboni 13. Uliza tu, ni haki yako.

Kwa mjamzito hata hivyo kaa na daktari kwanza, maana tiba ya huyu bakteria kwa kawaida inasubiri mpaka ujifungue, sasa kupima leo kutabadilisha nini? Kwa watoto kipimo kinafanyika ila wadogo sana wanasumbua, hawajui kupuliza vizuri, wanabaki na yurea mdomoni, na mdomoni kuna bakteria wengine wenye yurease, kwa hiyo chini ya miaka 6 majibu ya kusema yupo wakati hayupo yanatokea zaidi. Kiti nyingine zinataka umri, urefu na uzito wa mtoto ili kompyuta isahihishe hesabu, usishangae ukiulizwa.

Maandalizi ni yapi? (hapa naomba usome polepole)

Omeprazole na ndugu zake wote, esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole, rabeprazole, acha wiki 2 kabla. Vonoprazan nayo hivyo hivyo. Antibayotiki yoyote, wiki 4. Dawa ya tumbo yenye bismathi, wiki 4. Halafu usile kitu angalau saa 6 kabla, rahisi zaidi ni kuja asubuhi bila kula.

Kwa nini wiki 2? Hizi dawa za kuzima asidi haziui mdudu zikiwa peke yake, zinamlaza tu. Anapungua, anahamia sehemu ya juu ya tumbo, yurease inashuka, mashine inasoma hayupo na wewe unaenda nyumbani na furaha ambayo si ya kweli. Kuna utafiti wa 1998 waliwapa watu waliokuwa na bakteria lansoprazole kwa wiki 4, theluthi moja yao wakapata majibu ya kuwa hawana. Walipoacha dawa majibu yakarudi kuwa wanaye, na kufika siku ya 14 wote walikuwa wamerudi. Theluthi moja ni watu wengi jamani!

Antibayotiki ndo inayosahaulika zaidi. Mtu ukimuuliza umetumia dawa yoyote anasema hapana, ukimuuliza vizuri anakumbuka alimeza sipro kwa ajili ya UTI wiki mbili zilizopita, au amoksilini ya jino, au Flagyl za kuharisha alizonunua duka la dawa bila hata kuandikiwa. Zote zinahesabika. Kama uko kwenye dozi ya TB au antibayotiki nyingine ya muda mrefu USIIACHE kwa sababu ya kipimo hiki, mwambie daktari, kitapangwa baadaye.

Dawa za presha, sukari, ARV na vidonge vya uzazi wa mpango hazisumbui kipimo. Mwenye sukari anayechoma insulini aombe kupimwa wa kwanza asubuhi, kukaa na njaa muda mrefu kwake ni hatari.

Siwezi kukaa wiki 2 bila omeprazole, kiungulia kitaniua.

Najua, na wengi wanakwama hapa. Dawa za maji na za kutafuna za kupoza asidi unaweza kutumia katikati, ila siku ya kipimo usitumie. Famotidine, dawa nyingine ya kupunguza asidi, nayo inasaidia kusogeza siku na inaachwa siku 1 au 2 kabla. Kula mapema jioni, usilale ukiwa umeshiba, inua kichwa cha kitanda. Lakini kama umewahi kutapika damu au uko kwenye dawa za kuyeyusha damu au aspirini ya moyo, usiache omeprazole mpaka daktari aseme, maana kwako hiyo dawa inazuia kidonda kutoka damu.

Siku yenyewe inakuwaje?

Usivute sigara, usitafune bigijii, sukutua mdomo. Ukiambiwa upulize, vuta pumzi ndani, ishikilie kidogo, pulizia taratibu mpaka mwisho, maana hewa ya mwisho ndo imetoka chini kwenye mapafu na ina kaboni dioksaidi ya kutosha, ile ya mwanzoni ni ya mdomoni na kooni tu. Mfuko usio na kaboni dioksaidi ya kutosha mashine inaukataa. Maji ya yurea mara nyingi yana asidi ya sitriki, ladha kama juisi ya ndimu, imewekwa kwa sababu inachelewesha tumbo kumwaga vitu chini na yurease inafanya kazi vizuri zaidi. Ukishakunywa kaa kwenye kiti. Kutembea kwenda kuongea na simu huko nje au kupanda ngazi kunabadilisha hewa unayotoa.

Ramadhani je?

Kunywa yurea kunafungua, hilo halina ujanja. Wengi wanapima kabla ya mfungo au baada ya Idi. Kuna vituo vinavyofunguliwa jioni, ukiwa umefunga mchana kutwa tayari tumbo ni tupu, unapima magharibi kabla ya futari, ila hapo piga simu kwanza ujue kama kuna mtu wa zamu.

Karatasi imeandikwa DOB 18.6, ndo nina wadudu wengi sana?

DOB ni kifupi cha Kiingereza, delta over baseline, yaani namba hiyo ni umepanda kiasi gani kutoka pumzi ya kwanza. Ikivuka mstari wa kiti iliyotumika, yupo. Ikiwa chini, hayupo. Usiitumie kupima ukubwa wa tatizo, mwenye 40 haumwi mara mbili ya mwenye 20, na haionyeshi kama kuna kidonda. Shida ni namba zinazokaa kwenye mstari au karibu yake, mfano 3 hadi 5, hizo nashauri zirudiwe baada ya wiki kadhaa na maandalizi yasimamiwe vizuri, kwa sababu aliye naye kwa kawaida anapanda mbali na asiye naye anabaki karibu na sifuri.

Nilipima damu wakasema ninaye. Si inatosha?

Hapa ndo roho inaniuma. Kipimo cha damu cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na huyu bakteria. Kumbukumbu hiyo inabaki miezi mingi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Sasa Afrika tafiti zinakadiria kama asilimia 70 ya watu wanaye, kwa hiyo kipimo cha damu kitasema "ndiyo" kwa watu wengi mno wakiwemo waliokwisha pona. Matokeo yake mtu anatibiwa, anapima damu tena, anaambiwa bado yupo, anatibiwa tena, anapima damu tena. Nimeona watu wamemeza dozi baada ya dozi namna hiyo, tumbo limechoka, hela zimeisha, na inawezekana dozi ya kwanza ilishamaliza kazi. Kipimo cha damu hakifai kuangalia kama umepona. Hakifai.

Na kipimo cha choo?

Kile cha antijeni (vipande vya mdudu mwenyewe) kwenye choo ni kizuri, kinaonyesha mdudu aliyepo sasa, mara nyingi ni rahisi zaidi kupatikana na masharti ya dawa ni yale yale. Ukikosa cha pumzi chukua hicho. Hakikisha ni antijeni.

Cha pumzi kinaweza kuchukua nafasi ya endoskopi (kamera ya kupitishwa kooni)?

Kwa mtu ambaye si mzee, tumbo linamsumbua tu na hana dalili za hatari, ndiyo, unaanza na pumzi. Lakini kipimo hiki hakioni kidonda, hakioni saratani. Ukiwa unapungua uzito bila sababu, unatapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kinakwama kooni, damu imepungua, au kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya tumbo, kamera ipite, usipoteze muda na mifuko ya pumzi. Pia aliyekatwa sehemu ya tumbo au ambaye kidonda kinatoka damu sasa hivi, pumzi inaweza kudanganya.

Lakini vidonda si vinatokana na mawazo na kukaa na njaa?

Ndivyo hata madaktari walivyoamini kwa miaka mingi. Kule Perth, Australia, mwaka 1979 daktari wa patholojia Robin Warren aliona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya tumbo, akaungana na kijana Barry Marshall wakajaribu kuwaotesha na wakawa wanashindwa. Pasaka ya 1982 sahani za maabara zikaachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu, kurudi wakakuta wameota, kumbe walikuwa wanatupa mapema. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao, akaugua, tumbo likavimba ndani, akaonyesha kwamba wanaweza kumuambukiza mtu mzima wa afya. Walipewa Nobel 2005. Na tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limemweka huyu bakteria kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani.

Kwa hiyo njaa na mawazo vinaweza kuzidisha maumivu, ila vidonda vingi vinatokana na bakteria huyu na dawa za maumivu kama diklofenaki, brufeni na aspirini. Ukipima pumzi ikasema hayupo na kila jioni unameza diklopa kwa ajili ya mgongo, umeshapata pa kuanzia.

Kama kila mtu anaye, si niache tu?

Wengi wanaishi naye bila shida, ni kweli. Ila mwenye dalili, mwenye kidonda, anayeanza dawa za maumivu za muda mrefu, mwenye saratani ya tumbo kwenye ukoo, hawa wapime na watibiwe. Usipime kwa sababu tu jirani amepima, maana ukikutwa naye itabidi umeze dawa nzito.

Nimemaliza dozi, nirudi lini kupima?

Angalau wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha antibayotiki, na wiki 2 bila omeprazole. Hiki ndo kipindi ambacho kipimo cha pumzi kinang'aa kuliko vyote, na ndo kipindi ambacho watu hawarudi. Maumivu yakiisha wanaona wamepona. Maumivu kuisha hakuthibitishi chochote kwa sababu omeprazole iliyokuwa ndani ya dozi inaondoa maumivu hata mdudu akibaki, na siku hizi usugu wa mdudu dhidi ya klarithromaisini, antibayotiki inayotumika sana kumtibu, umeongezeka sehemu nyingi, dozi ambayo zamani ilitosha sasa inafeli.

Nimerudia na bado yupo.

Usirudie dozi ile ile. Nenda na karatasi ya majibu pamoja na orodha ya dawa ulizotumia, majina na siku ngapi, daktari abadilishe. Mara nyingi wanahamia dozi ya dawa nne yenye bismathi kwa siku 14, na usishtuke ulimi na choo vikiwa vyeusi, hiyo ni bismathi. Kama katikati uliruka siku mbili tatu kwa sababu Flagyl ilikuletea kichefuchefu, sema ukweli, daktari anahitaji kujua kama dawa ilishindwa au haikumezwa.

Niko mbali na mji, nitakipata wapi?

Kwa kawaida kinakuwa kwenye hospitali kubwa na maabara binafsi za mijini. Piga simu uulize mambo matatu: wana kipimo cha pumzi au cha damu, kiti zipo leo (huwa zinaisha), na majibu yanatoka siku hiyo hiyo au mifuko inapelekwa kwingine. Pumzi ikifungwa vizuri kwenye mfuko wake inakaa siku kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo kituo kidogo kinaweza kukusanya na kutuma kwa basi kwenye mashine iliyoko mjini, mradi mifuko yote miwili iwe na jina lako, saa ya kupuliza, na alama ya ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili.